Mayai ya Watu Katika Mashine Iliyofungwa

Kwa miaka kumi na tisa Noela Luambano aliwapikia uji na maharage wanafunzi wa bweni, katika shule moja nje kidogo ya mji wa Songea. Alipoacha kazi, mikono yake ilikuwa na makovu ya mvuke mpaka kwenye viwiko, na magoti yalikuwa yameanza kumsumbua kila baridi ya Juni ilipoingia. Kiinua mgongo chake hakukinunulia kiwanja. Alikinunulia mashine ya kutotolesha vifaranga.

Mumewe Osmund, fundi seremala asiye na maneno mengi, alimuuliza mara moja tu kama ana hakika. Noela akamweleza kwamba kina mama wa mtaa wao wa Mshangano karibu wote wanafuga kuku wa kienyeji, na wote wanalalamikia jambo lile lile: kuku akishaanza kulalia, kutaga basi, na vifaranga wenyewe hawazidi kumi. Mwenye mashine angewatotoleshea mayai yao, naye angebaki na fungu lake. Osmund alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kupiga plasta chumba cha uani na kuziba mianya ya mlango ili upepo usipite.

Mashine iliitwa Mlezi. Ilishuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam ikiwa imefungwa kwa maboksi na kamba, ndefu kama kabati la nguo, ikiwa na trei za mayai mia tano, betri ya kutumika umeme ukikatika, na kioo kidogo mlangoni cha kuonyesha joto na siku. Ndani yake mlikuwa na laini ya simu. Wakala aliyekuja kuifunga alieleza kwamba kwa laini hiyo mashine inazungumza na kampuni, hivyo ikiugua, watajua kabla ya mwenyewe. Noela alipenda maneno hayo. Wakala akachukua simu ya Noela, akaweka programu ya kampuni, na maandishi marefu ya herufi ndogo yakajaza kioo. Akamwonyesha pa kubonyeza. "Hapa, mama, kwenye Nakubali. Bila hapo haiwaki." Noela akabonyeza. Hata miwani hakuwa amevaa.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Kina mama walileta mayai katika vikapu na ndoo zenye pumba, naye alikaa kwenye kigoda na penseli akiandika juu ya kila yai herufi ya mwenyewe, ili siku ya kuangua pasiwe na ugomvi. Siku ya saba alizima taa, akayamulika mayai moja moja, na kuyatoa yasiyo na kitu. Watu walianza kumwita Mama Vifaranga, jina alilojifanya halimpendezi. Tabu, mjane mwenye asili ya Tunduru aliyeishi nyumba ya nne kutoka kwake, ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Watoto wake wawili walikuwa sekondari, na sare zao zilitokana na kuku.

Kisha ukaja mwezi Juni wa mwaka wa pili. Noela alikuwa ameingiza mayai mia nne na themanini ya watu sita. Siku ya tatu feni ya mashine ikafa. Bila feni joto halisambai, trei za juu zinaungua na za chini zinapoa. Akapiga simu kwenye kampuni. Wakamwambia kwamba feni ya Mlezi ni ya aina yake, inaagizwa nje, na ingemfikia baada ya wiki tatu. Mayai huanguliwa kwa siku ishirini na moja. Noela hakuhitaji kalamu kuona kwamba hesabu hiyo haikubali.

Akamwita Bakili, fundi wa redio na majokofu mwenye kibanda mtaa wa Majengo. Bakili alikuja na pikipiki yake, akaitoa feni iliyokufa, akaipima, akarudi mjini, na kabla ya saa nane mchana alikuwa ameweka nyingine ya ukubwa ule ule na nguvu ile ile. Mashine ikavuma kama kawaida. Joto likarudi thelathini na saba na nusu. Noela akampa Bakili jogoo juu ya malipo yake, na siku kumi na moja zikapita bila neno.

Jumapili ya siku ya kumi na nne alitoka misa ya kwanza, akavua kitambaa cha kichwani akielekea uani, na alipofungua mlango wa chumba akasikia ukimya. Umeme ulikuwepo, taa ya chumba iliwaka. Lakini feni ilikuwa imesimama, na kioo cha mlangoni kilikuwa chekundu na maneno mawili: KIFAA KIMEFUNGWA. Chini yake, kwa herufi ndogo, alitakiwa awasiliane na kampuni. Kipimajoto chake cha mkononi kilimwonyesha thelathini na nne.

Akachomoa waya akachomeka. Akazima betri akawasha. Akapiga simu ya kampuni, na sauti iliyorekodiwa ikamshukuru kwa kuwa mteja wao na kumweleza kwamba ofisi hufunguliwa Jumatatu saa mbili. Alipopiga mara ya tano alikuwa ameshaanza kuichukia sauti ile.

Bakili alifika akiwa na sanduku lake la vyuma. Alikagua kila waya, na mwishowe akajifuta mikono. "Mashine haijaharibika, mama. Nzima kabisa. Imeambiwa inyamaze, ikanyamaza."

Noela alimuuliza kama anaweza kuiwasha kwa nguvu. Bakili akasema inawezekana. Angetoa ile bodi iliyo kama ubongo wa mashine na kuweka swichi ya joto ya kawaida, kazi ya siku mbili au tatu mpaka apate vifaa. Ila bodi ilikuwa nyuma ya kifuniko chenye karatasi ya muhuri, na muhuri ukikatwa, dhamana ya miaka miwili imekufa, kampuni haitamsikiliza tena. Noela alisimama akiutazama ule muhuri, karatasi ndogo ya rangi ya fedha isiyozidi upana wa kidole gumba. Akamwambia Bakili wasubiri mpaka kesho. Kwa miezi mingi baadaye alijilaumu kwa jibu hilo.

Mayai hayakuweza kusubiri kesho. Osmund alitandika magunia sakafuni, juu yake mablanketi yote ya nyumba, na wakayahamisha mayai trei kwa trei. Wakachemsha maji, wakayajaza kwenye madumu na chupa za plastiki, wakayapanga kati ya mayai yakiwa yamefungwa vitenge ili yasiyachome. Baridi ya Songea mwezi huo inaingia hata kwenye mifupa ya nyumba. Kila chupa ilipopoa walibadilisha, na kila baada ya saa kadhaa waliyageuza mayai kwa mkono, moja baada ya jingine, mia nne na zaidi. Sehemu moja ilikuwa arobaini, pembeni yake thelathini na tatu. Noela aliyapitisha mayai shavuni kupima joto lake, kama alivyokuwa akimpima mwanawe Leo alipokuwa mchanga.

Jumatatu saa mbili kamili alipiga simu. Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Pamela, mwenye sauti laini na heshima tele. Akamwamkia shikamoo, akaomba namba ya mashine. Alisema mfumo wao ulikuwa umegundua ndani ya mashine kifaa kisichotambulika, na mashine ya namna hiyo hufungwa kwa usalama wa mteja. Ili ifunguliwe, ni lazima fundi wa kampuni aje kuikagua na kuweka feni halali. Foleni ya mkoa wa Ruvuma ilikuwa siku kumi na sita.

Noela alimweleza taratibu kwamba feni ile ndiyo iliyookoa mayai, kwamba mashine ilifanya kazi siku kumi na moja bila kasoro, na kwamba mayai yaliyomo yalikuwa na uhai. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mashine hii nimeinunua. Nimelipa yote siku moja. Risiti ninayo mkononi hapa."

"Ni kweli, mama," Pamela akajibu. "Mashine ni yako. Programu inayoiendesha ndiyo ya kampuni, na wewe umepewa ruhusa ya kuitumia tu. Ipo kwenye masharti uliyokubali."

Noela aliishusha ile risiti. Alikiona kidole chake mwenyewe kikibonyeza neno lile. Pamela alimuuliza kama kuna jambo jingine angependa asaidiwe.

Jumanne alimwachia Osmund mayai, akapanda bodaboda mpaka mjini kwa afisa biashara. Afisa huyo, Amedeus, alikuwa mtu wa makamo mwenye tabia ya kuandika kila anachoambiwa. Hakumfukuza wala hakumpa matumaini ya bure. Alisoma risiti, akasoma kadi ya dhamana, akaomba aonyeshwe masharti kwenye simu, na akatumia karibu nusu saa kuyapitia huku watu wakisubiri nje. Akamwambia kwamba mlaji analindwa na sheria anapouziwa kitu kibovu au anapodanganywa. Malalamiko ya namna hiyo aliyafahamu: unga ulioharibika, simu bandia, mizani iliyochezewa. Lakini kitu kizima, kilicholipiwa, kikafungwa na mtu aliye mbali bila hata kukigusa, hilo hakuwa ameletewa bado. Angeandika malalamiko na kuyapeleka juu, kwa wanaohusika na haki za walaji, na kampuni ingetakiwa kujibu.

Kisha akainua kalamu. "Ila mama, mashine isiguswe. Asiifungue fundi yeyote. Ile ndiyo ushahidi wako. Ikifunguliwa, watasema wewe ndiye uliyeiharibu."

Noela alirudi nyumbani akiwa amelishika begi lake kwa mikono miwili. Kabla ya safari ile alikuwa na njia moja mbaya, ya kukata muhuri na kumwachia Bakili kazi. Sasa hata hiyo ilikuwa imezibwa, tena na mtu aliyemtakia mema. Alipoingia chumbani Osmund alikuwa amepiga magoti kati ya madumu, mgongo umepinda, akihesabu kwa midomo mayai aliyokwisha kugeuza. Noela alivua viatu akapiga magoti upande wa pili.

Siku zilizobaki aliishi ndani ya chumba kile. Mlo aliletewa mlangoni. Siku ya kumi na nane waliacha kuyageuza, kama inavyotakiwa mayai yanapokaribia kuanguliwa. Siku ya ishirini na moja yai la kwanza likapasuka, na Noela akatega sikio kama kuna jingine. Yalikuja machache machache, kwa siku tatu. Vifaranga mia moja thelathini na mmoja walisimama. Wengine walitoboa ganda wakafia hapo hapo, mdomo nje. Hao ndio aliowakusanya mwenyewe, hakumruhusu Osmund.

Kuwaita wenye mayai kulikuwa kugumu kuliko siku zote zile za maji ya moto. Herufi za penseli zilikuwa bado kwenye maganda, hivyo hapakuwa na mahali pa kujificha. Mzee Sixbert, katekista aliyeleta mayai arobaini, alipata watano, akawaweka kwenye boksi na kusema wametosha, ingawa wote waliona hawajatosha. Wengine waliuliza maswali mengi. Tabu aliyekuwa ameleta mayai mia moja na ishirini alipata vifaranga kumi na wanane. Noela alimweleza habari ya feni, ya laini ya simu, ya masharti. Tabu alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika pindo la mtandio wake.

"Mama Leo, nimekuelewa," alisema. "Lakini mimi mayai yangu nilikuletea wewe. Sikuipelekea kampuni."

Hakusema kwa hasira, na kwa sababu hiyo maneno yaliingia ndani zaidi. Noela alikwenda bandani, akakamata mitetea wake sita waliokuwa wanataga, akawafunga miguu na kumpelekea. Tabu alisita, akachukua wanne, wawili akawafungua pale pale uani.

Mwezi wa Julai kampuni ilipiga simu yenyewe. Safari hii alikuwa mwanamume aliyejiita meneja. Alisema wamepata barua ya malalamiko yake, na kwamba kwa moyo wa kujali wateja wako tayari kuifungua mashine siku hiyo hiyo, hata bila fundi. Kulikuwa na fomu ya kujaza kwenye simu. Noela alivaa miwani. Fomu ilisema kwamba yeye ndiye aliyesababisha hitilafu kwa kuweka kifaa kisichoruhusiwa, kwamba hatadai chochote kwa mayai, na kwamba anaondoa malalamiko yake. Chini kabisa kulikuwa na Nakubali, kwa rangi ya kijani.

Alikaa nayo siku mbili. Kina mama walikuwa wanamuuliza kila walipokutana kisimani na kanisani lini ataanza tena, na wawili walikuwa wameshaanza kupeleka mayai yao Namtumbo kwa mtu mwingine. Osmund alimwambia kwamba akibonyeza hatamlaumu. Noela alijua hivyo. Lakini kila alipofika kwenye sentensi ile ya kwanza, kwamba yeye ndiye aliyesababisha, alikumbuka vifaranga aliowaokota midomo ikiwa nje ya maganda, na kidole kikagoma. Siku ya tatu fomu ikajifuta yenyewe.

Mashine ikabaki pale chumbani imefungwa, waya ukiwa bado ukutani, imefunikwa shuka. Kuiuza hakuweza, nani anunue kabati lenye kioo chekundu. Kuitengeneza hakuruhusiwa. Kuitupa ni kuutupa ushahidi. Osmund alimtengenezea sanduku la mbao za mninga, Bakili akaweka balbu na swichi ya joto ya kawaida, na humo yakaingia mayai sitini. Lilitotolesha vizuri. Lakini halikuwa na mtambo wa kugeuza, hivyo Noela aligeuza kwa mkono, asubuhi, mchana na jioni, siku zote za juma. Dada yake wa Namtumbo alipomwoza binti yake mwezi Agosti, Osmund alikwenda peke yake. Noela alituma kitenge na salamu. Alizoea kuukadiria umbali wa kila safari kwa mayai: sokoni anafika, kanisani anafika, zaidi ya hapo hafiki.

Amedeus alimpigia mara mbili kumwambia kwamba jibu la kampuni linasubiriwa. Mara ya tatu alisema wameomba muda zaidi.

Asubuhi moja ya Oktoba, akiwa anageuza mayai ya sandukuni, alisikia nyuma yake mvumo alioufahamu. Akageuka. Shuka ilikuwa inatikisika. Alipoivuta, kioo kilikuwa kijani, feni ya Bakili ikizunguka, na maandishi yakimwambia: KARIBU TENA. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Hakuna aliyempigia simu.

Osmund alikuja mbio kutoka karakana, akatabasamu kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Noela hakutabasamu. Ilipofungwa, alidhani amekosea kitu, na mtu akikosea huweza kurekebisha. Sasa ilikuwa imefunguliwa na feni ni ile ile, na kosa ni lile lile. Maana yake kosa halikuwepo, au lilikuwepo walipotaka wao.

Alimwita Bakili akamuuliza kama inawezekana kuitoa laini ya simu tu, mashine isiweze kuambiwa neno na mtu yeyote. Bakili alikuwa ameshauliza kwa mafundi wenzake. Alisema ikikaa siku thelathini bila kuzungumza na kampuni inajifunga yenyewe.

Mchana huo Amedeus alipiga, akiwa na furaha kwa niaba yake. Kampuni ilikuwa imejibu kwamba mashine inafanya kazi, na kwa kuwa tatizo limetatuliwa, faili lingefungwa. Aliuliza kama ni kweli inafanya kazi. Noela akasema ndiyo, inafanya kazi.

Kina mama aliwaita wote siku iliyofuata, wakakaa uani. Hakuwapambia maneno. Aliwaeleza kwamba mashine imefunguka, kwamba wanaweza kuifunga tena siku yoyote bila kumuuliza, na kwamba yeye hana uwezo wa kuzuia. Anayetaka kuleta mayai alete akijua hivyo. Wawili waliondoka kwa upole. Tabu alibaki, akafikiri, kisha akasema ataleta thelathini, siyo zaidi. Mzee Sixbert akasema ishirini.

Usiku ule Noela hakuandika herufi kwenye mayai. Aliandika barua, kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko uleule aliokuwa akiagizia unga na mafuta ya shule. Alimwomba Amedeus asilifunge faili. Aliandika: "Mashine imefunguka, lakini tatizo langu lipo pale pale. Naomba kampuni iandike kwamba kitu nilichonunua hawatakifunga tena, na kwamba nikiharibikiwa naweza kutengenezesha kwa fundi wa hapa. Wasipoandika, basi wawajibike kwa mayai ya watu." Aliisoma mara mbili akaongeza majina ya wale sita na idadi ya mayai ya kila mmoja.

Asubuhi aligeuza mayai ya sandukuni mapema, akapanda bodaboda mpaka mjini. Karani alimwambia aache barua mezani. Noela akasema atasubiri muhuri. Alisimama pale kaunta, begi mkononi, magoti yakimuuma, mpaka karani akaitafuta pedi ya wino, akagonga "Imepokelewa" juu ya nakala yake na kuandika tarehe. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya pochi ya kifuani, na kumwambia mwenye bodaboda aongeze mwendo kidogo, kwa sababu saa sita ilikuwa inakaribia na mayai yalikuwa yanamsubiri.